Mkungu wa Nyuma ya Jiko

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni mkinywa chai yenu kimya. Sitaki kusikia kwamba bibi amezeeka. Shule niliishia darasa la pili, lakini macho yangu yalikuwa mazima, na asubuhi ya kisa hiki sikuwa nimeonja pombe ya mbege.

Mke wa mwanangu alipofariki tulimzika kihambani, nyuma ya jiko, katikati ya migomba, kama tunavyozikana huku Uru. Mwanangu akarudi Kahe kwenye vibarua vya mashamba, akaniachia binti yake wa miaka minne. Mtoto akaacha kula. Maziwa hataki. Kiburu cha ndizi na maharage hataki. Mikono ikawa kama vijiti vya kuwashia moto. Zahanati wakasema hana ugonjwa, ale tu. Ale nini?

Miaka hiyo sukari ilikuwa imerudi madukani, na mitumba imejaa Moshi mjini. Ndani ya fungu la nguo nikakuta kitabu cha mapishi cha zamani sana, kurasa zimekuwa njano, Kiswahili chake kile cha akina mama wa misheni. Nikakisoma kwa kidole, neno kwa neno. Siku ya kwanza nikapika uji wa mchele kwa maziwa na sukari. Mtoto akageuza uso. Siku ya pili mkate wa mayai, akampa kuku.

"Angalia, hata kuku ameona ni mtamu," nikamwambia. Hakucheka.

Siku ya tatu ilikuwa chapati za maji za ndizi mbivu: ndizi tatu zilizopondwa, yai, unga, sukari kijiko kimoja. Nikamtuma binti yangu wa mwisho alete ndizi, nikakaanga. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, hata zizi halionekani.

Mtoto akala moja. Akala ya pili. Nimeshika mwiko, naogopa hata kupumua. Kisha akatazama nje, kwenye ule ukungu, akaitikia kwa kichwa kama anayeelekezwa na mtu mzima.

"Bibi, mama anasema hukuweka chumvi."

Binti yangu akaangusha kikombe.

"Wewe, ndizi umezitoa wapi?" nikamuuliza.

"Pale nyuma, mama. Mkungu mzima umeiva, na hata ndege hawajaugusa."

"Pale nyuma wapi?"

"Pale... kwake."

Tangu mazishi hakuna aliyekata kitu pale kaburini. Hatukukatazwa na mtu. Tuliogopa tu.

Babu yenu akatoka zizini, akasimuliwa. "Mama watoto, tupa hizo. Tumwite padri."

"Padri aje kufanya nini? Mtoto amekula mbili."

"Anaongea na marehemu!"

"Na amekula mbili."

Kesho yake nikatia chumvi kidogo. Kitabuni haimo, nilipitisha kidole mara tatu. Zikawa nzuri kuliko za jana. Mtoto akala tatu, huku akicheka na mlango, na pale mlangoni hapakuwa na mtu. Nikaendelea kukaanga.

Alipomaliza nikawaita wote jikoni, babu yenu naye. Nikawaambia: ule mkungu wa nyuma ni wa mtoto, mwingine asiuguse. Na akiwa anakula, mtu asimuulize anaongea na nani.