Wifi Yangu Aliniua Ng'ambo

Mgeni aliponiona tu, alipiga ukunga.

Wala haukuwa wa furaha. Ulikuwa ukunga wa mtu aliyekutana na mzuka mchana kweupe. Begi likamdondoka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango wa kioo, macho yamemtoka pima.

Mimi nilikuwa nimekaa zangu mapokezi, nimejiandaa kusema "karibu sana".

"Wewe umekufa," akaniambia kwa lugha ya kwao.

Nikadhani nimemsikia vibaya. Nikamwomba arudie.

"Umekufa. Nilikulilia. Nilivaa nyeusi kwa ajili yako."

Jamani, vuteni viti. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na mpaka leo nikiyakumbuka meno yanasagana.

Ninafanya kazi kwenye jumuiya ya mkoa wetu ya urafiki na ushirikiano wa kimataifa. Jina refu, ofisi fupi. Tuko ghorofani juu ya duka la vioo, vyumba vimejaa bendera za mezani na picha za watu wanaopeana mikono.

Kazi yetu ni kuunganisha watu. Wageni wakija, tunawatafutia familia za kukaa nazo. Na kila mwaka mmoja wetu anakwenda kwa jumuiya rafiki ng'ambo, anaishi na familia ya huko, anafanya kazi nao, anarudi na ujuzi.

Mwaka mmoja nikachaguliwa mimi.

Weee! Nilijifunza lugha yao nikipika, nikifua, nikioga. Familia ikapangwa: mama mmoja mjane, watoto wake wakubwa wameshahama. Tukawa tunaongea kwenye simu tunaonana uso kwa uso. Akanionyesha chumba alichonipakia rangi, akanionyesha mpaka ndoano ya kutundikia koti langu. Akawa ananiita binti. Mimi nikamwita Mama, na sikuwa nabembeleza. Wa kwangu nilishamzika.

Safari imekaribia, Mwenyekiti wa kamati akaniita ofisini kwake.

"Funga mlango," akasema. "Tumepata taarifa kwamba una mpango wa kuzamia."

Kuzamia ni kwenda ugenini ukapotelea huko. Kwenye jumuiya kama yetu neno hilo ni sumu. Akizamia mmoja, mlango unafungwa kwa wote.

"Nani kasema?"

"Mtu wa kuaminika. Siwezi kumtaja."

Nililia, nikaapa, nikapiga magoti. Wapi! Jina langu likakatwa, nafasi akapewa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tulikuwa tunafanya naye kazi meza moja.

Mume wangu ni fundi wa majokofu, mtu mpole, sauti haipandi hata akijigonga nyundo. Aliniambia, "Mke wangu, achana nayo. Haikuwa riziki."

Sawa. Lakini nikamtumia Mama ujumbe wa kumweleza. Kimya. Nikapiga. Kimya. Nikatuma tena na tena mpaka nikajionea aibu.

Hapo ndipo nilipoumia kweli. Nikajua na yeye ameambiwa mimi ni mzamiaji, na ameamini.

Wifi akarudi baada ya mwaka, anaongea puani. Kamati ikampa ukuu wa kitengo cha ziara. Mimi nikabaki mapokezi na birika la chai. Akipita na wageni ananiambia, "Wifi, hebu watazame wageni, wana kiu."

Ninawamiminia. Ninatabasamu. Kinyongo nimekipakata kama mtoto mchanga, nakinyonyesha.

Maana mimi hesabu yangu ilikuwa rahisi: aliyekula ndiye aliyeiba. Nani mwingine?

Sasa turudi kwa mgeni wangu mlangoni.

Ndiyo, alikuwa Mama mwenyewe. Wenzake walikuwa wameshafika kwa ajili ya sherehe ya jumuiya kutimiza miaka kadhaa ya kuanzishwa. Yeye alikuja peke yake, kimyakimya, amshtukize "mwanawe", yaani wifi. Na wifi muda huo alikuwa ukumbini anajaribu vipaza sauti.

Nikamshika mkono, nikamwingiza stoo kwenye makasha ya bendera. Akanipapasa uso kama kipofu.

"Una joto," akasema, akaanza kulia upya.

Ndipo akanieleza. Wifi alipofika kwake na mabegi, yeye aliuliza, binti yangu yuko wapi? Wifi akaangua kilio. Akasema nimefariki. Homa ya ghafla. Akasema nilivyokuwa nakata roho nilimshika mkono nikamwambia, "Nenda wewe badala yangu."

Mnanisikia? Nilikata roho na wosia nikatoa!

"Na ujumbe wangu je?" nikamuuliza.

"Aliniambia matapeli wameiba simu ya marehemu. Nisijibu, nifunge namba."

Wale majirani zake wote walikwenda kumpa pole wifi. Wakamletea maua. Wakamvika koti zito, wakamlaza kwenye chumba changu. Picha yangu ikawekwa ukutani pamoja na wazee wao waliotangulia.

Miguu ilitaka kunipeleka ukumbini nikamkamate mtu nywele. Kweli nilishafika mlangoni. Kisha nikasimama.

Nikajiambia, kofi linapoa. Aibu haipoi.

"Mama," nikasema, "leo mchana kuna hotuba ya wageni. Nani anazungumza?"

"Kiongozi wa msafara."

"Mwombe akupe nafasi yake. Na nikufundishe maneno mawili ya lugha yetu."

Yule mama alikuwa na macho ya upole, lakini aliponielewa yalibadilika. Alifuta machozi kwa kiganja, akajinyoosha.

"Nifundishe," akasema.

Ukumbi ulijaa. Viti vimevalishwa vitambaa, mabalozi wa heshima wa hapa na pale, viongozi wa mkoa, wanafunzi waliorudi kutoka safari zao. Mwenyekiti suti mpya. Wifi yuko jukwaani, ndiye mkalimani, gauni limemkaa vizuri, lazima niseme ukweli.

Mimi nazunguka na birika langu.

Mshereheshaji akatangaza, "Sasa tunamkaribisha mwakilishi wa wageni."

Mama akatokea mlango wa pembeni.

Nilikuwa namtazama wifi tu. Kwanza akatabasamu, tabasamu la mtu aliyemwona mama yake. Halafu likafa pale pale usoni. Akageuka haraka kutafuta birika liko wapi. Macho yetu yakakutana.

Nikamwinulia kikombe.

Mama akaanza kuongea. Akasema amekuja kumheshimu mtu aliyemfundisha maana ya urafiki wa mataifa, mtu ambaye hakuwahi kumshika mkono. Akatoa picha yangu kwenye mkoba, akainyanyua. Akataja jina langu, la baba na la ukoo.

Wifi midomo inamcheza. Akashika kipaza sauti, "Mama anasema… anampongeza sana mfanyakazi wetu huyu wa mapokezi kwa ukarimu wake."

Watu wakapiga makofi. Wakageuka kunitazama, wengine wananipungia.

Mama akasubiri makofi yaishe. Kisha akakisogelea kipaza sauti mwenyewe, akayatoa yale maneno mawili niliyomfundisha stoo, herufi kwa herufi:

"Marehemu. Simameni."

Ukumbi ukawa kama umemwagiwa maji ya barafu. Watu wakasimama, ndiyo, maana neno lile ukilisikia unasimama. Wakainamisha vichwa. Wageni wote wakainamisha. Kisha mmoja akainua jicho kuniangalia, akaliteremsha, akaliinua tena. Na mwingine. Na mwingine.

Na mimi nimesimama katikati yao, birika linatoa mvuke, najiombolezea.

Mzee mmoja nyuma akashindwa kuvumilia. "Sasa marehemu mbona anamimina chai?"

Kicheko kikalipuka, kikakatika ghafla, kwa sababu Mama alikuwa hacheki. Alikuwa amemgeukia wifi, anamwambia jambo taratibu, na wifi hakulitafsiri. Halikuhitaji kutafsiriwa.

Mwenyekiti akauliza, "Hebu tueleze. Nani kafa hapa?"

Wifi akaangusha kipaza sauti, kikapiga mluzi ule wa kupasua masikio, akakimbilia jiko la nyuma.

Nikamfuata. Nikafunga mlango. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa muda mrefu, na nawaambieni kweli, ilikuwa tamu.

"Umeniua," nikamwambia. "Ukanichongea kwanza, halafu ukaniua, ukalala kitandani kwangu."

Ameketi juu ya kreti la soda, rangi za macho zimemtiririka mpaka kidevuni.

"Nimekuua, ndiyo. Wifi, hilo nakubali. Aliniuliza uko wapi, mimi nimetoka safarini, nina baridi, nina hofu, neno likanitoka. Nilipotaka kulirudisha, majirani wameshafika na maua."

"Na kunichongea?"

Akanyanyua uso. Akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Ilikuwa huruma, na ilinikera kuliko matusi.

"Ningemwambiaje yule mama? Kwamba kaka yangu amemchongea mke wake?"

Nikaliweka birika mezani.

"Alikwenda mwenyewe kwa Mwenyekiti," akasema. "Mume akija kusema mke wangu anataka kutoroka, nani atambishia? Kisha akaja kwangu. Akaniambia dada, ichukue wewe, isiende kwa mtu baki."

Nikatoka pale nikamkuta Mwenyekiti anafuta jasho ukumbini. Nikamuuliza swali moja tu: yule mtu wa kuaminika alikuwa mume wangu? Akatazama viatu vyake. Jibu nikalipata.

Nyumbani nilimkuta uani, amelifungua jokofu la mtu, mikono ina mafuta. Jua bado liko juu.

"Umewahi leo," akasema.

"Ulimwambia Mwenyekiti nitazamia."

Akashusha bisibisi. Hakukana, hilo nampa. Alijifuta vidole kwanza, kimoja kimoja.

"Niliogopa," akasema, sauti ile ile ya upole. "Ulikuwa unaongea na yule mama unacheka. Chumba, sijui koti. Mimi hukuwahi kunichekea hivyo. Nikaona ukienda hurudi."

"Ungeniambia usiende."

"Ungekubali?"

"Hutajua sasa."

Nikaingia ndani. Nikalala chumba cha pili siku zote zilizofuata. Nikampikia, nikamfulia, nikamwitikia. Sikumpa hata neno moja la kugombania. Watu wanadhani kisasi ni kelele. Mpole dawa yake ni mpole mwenzake.

Wifi alivuliwa cheo, akaacha kazi. Mama alikataa kuondoka mpaka kamati ilipokaa. Mwenyekiti, kwa aibu, akanirudishia safari yangu.

"Lakini," akanisogelea, "niambie ukweli. Utarudi?"

"Nitarudi," nikasema. "Muda wangu ukiisha, hata wiki siongezi."

Nikaenda. Sitawasimulia raha niliyoiona, wivu ni dhambi. Nililitundika koti langu kwenye ndoano yake na Mama akawa Mama.

Mume wangu alikuwa anapiga simu akilia. "Rudi, nimekosa, nyumba imekuwa kaburi." Namjibu kwa adabu, "Mkataba ukiisha nitarudi, usiwe na wasiwasi."

Na nilirudi, siku niliyoahidi.

Alikuwa amekuja uwanja wa ndege kunipokea, shati limepigwa pasi, maua mkononi, nyuma yake kamati nzima. Akafungua mikono.

Nikampa mkono mmoja, kama tunavyowapa wajumbe. Tabasamu, asante kwa kuja, karibu sana ofisini kwetu. Nikapita.

Shoga yangu mmoja alikuwa ameshanipangia vyumba. Mtaa wa pili tu kutoka kwake. Akisimama uani anaziona nguo zangu kwenye kamba. Talaka akaitoa baadaye, alipochoka kuziangalia.

Alisema nitazamia. Basi nilizamia, ila sikuvuka hata barabara kuu.

Mtaniuliza, je, najuta kumwaibisha wifi mbele za watu? Hapana. Aliniua, akafaidi matanga yangu. Ila sasa tunasalimiana, maana yeye angalau uongo wake aliusema akiwa analia.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nawaongezea: ukishazikung'uta nguo zote usikione, kung'uta na shuka. Siyo kila anayekwambia "haikuwa riziki" anamsingizia Mungu kwa bahati mbaya.