Sikio la Kumalizia Nyimbo

Mtu akiniuliza kazi yangu, humjibu kwamba napiga randa. Anatazama viganja vyangu, anatafuta vumbi la mbao, halioni. Ndipo ninapomweleza kwamba ninachopiga randa ni muziki. Vijana wanaotengeneza nyimbo za kuchezea kwa kompyuta, singeli, amapiano na nyingine ambazo hata wenyewe hawajazipa jina, wakishachanganya ngoma, besi na sauti, huniletea mimi nimalizie. Besi ikivimba naibana, sauti ikizama naiinua, kisha naukuza wimbo mzima ili ukipigwa ukumbini baada ya wimbo wa watu wa mjini usionekane mtoto. Wao huita kufanya masta. Ninachotumia ni kompyuta, programu chache na spika mbili, kwenye chumba cha pembeni cha nyumba yetu hapa Makambako. Dirisha nimeliziba kwa godoro kuukuu kwa sababu upepo wa mji huu haujui kunyamaza.

Kabla ya hapo nilipasua mbao kweli. Ujana wangu wote uliishia kwenye misitu ya upande wa Njombe, nyuma ya mashine tuliyokuwa tukiiita dingdong, msumeno wake ukipiga yowe toka umande haujakauka mpaka jua linazama. Hatukuvaa kitu masikioni. Aliyejaribu kujiziba kwa pamba tulimcheka mpaka akaitoa. Mgongo ulipogoma niliacha, nikajifunza kompyuta kwa ubishi tu, maana kila mtu alisema mtu wa mbao hawezi. Niliweza. Na nikiri kwamba nilijisikia.

Mteja wangu mkubwa ni kijana mwenye duka la kupakia nyimbo kwenye flashi karibu na stendi. Naye hutengeneza nyimbo zake mwenyewe, na zote nilizimalizia mimi. Siku moja alikuja nyumbani, akanipa shikamoo ndefu kuliko kawaida, akaulizia mgongo, akaulizia mahindi, nikajua ana neno.

"Sema," nikamwambia.

"Mzee, usinielewe vibaya. Kule ukumbini Njombe, ikifika ngoma yetu, dijei anapunguza vitu vya juu. Anasema inachoma masikio."

Vitu vya juu ni milio ile myembamba: vitoazi, makofi, ule mluzi mdogo unaotoka mwimbaji anapotamka herufi ya "s". Bila hivyo wimbo unakuwa kama umefunikwa na blanketi. Vikizidi, vinachoma kweli. Lakini mimi nilikuwa navisikia kwa taabu, vimezidi wapi? Nilimwambia kijana amwambie huyo dijei akanunue spika za maana.

Hata hivyo neno lilinikaa rohoni. Nikautia wimbo kwenye flashi nikaenda kuujaribu mitaani, kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu spika za nyumbani hukudanganya kwa mapenzi. Dereva mmoja wa bodaboda aliupiga kwenye redio ya pikipiki yake, akakunja uso, akasema ni mzuri. Dada wa saluni aliupiga akiwa anasuka, akaacha kichwa cha mteja, akaenda kushusha sauti.

"Baba, wimbo mtamu," alisema, "ila unakereketa."

Niliondoka bila kuaga. Njiani nikajiambia kwamba Makambako nzima imeharibika masikio.

Mke wangu ni mwanakwaya. Alilelewa karibu na misheni, nje kidogo ya Njombe, na ameimba sauti ya pili tangu akiwa msichana. Muziki wangu haumwingii. Anasema nyimbo zetu zinaanzia katikati na kuisha kabla hazijasema kitu. Jioni ile niliurudia wimbo kule chumbani, na nilipotoka nilimkuta jikoni anamenya viazi, mlango ameufunga ingawa moshi ulikuwa mwingi.

"Mbona umejifungia?"

"Nakimbia sindano zako."

"Sindano gani?"

"Hizo za juu. Tsi, tsi, tsi. Kwani huzisikii?"

"Nazisikia."

"Basi kama unazisikia na bado unaziacha," alisema, "una roho mbaya."

Nilifoka. Nilimwambia kwaya haimfanyi mtu kuwa fundi. Yeye akaendelea na viazi vyake, na alipomaliza akasema tu kwamba wiki ile angekwenda Njombe kumwona mama yake, na kwamba hospitalini kule kuna mtu anayepima masikio. Nikasema nitamsindikiza kwa mama mkwe, si kwingine. Tulifika mjini ukungu ukiwa bado umekaa barabarani, watu wamejikunyata kwenye masweta, na miguu yangu ikaelekea hospitali yenyewe. Nadhani nilikuwa nimeshajua.

Mpimaji alikuwa dada mpole. Alinikalisha kwenye chumba kidogo, mke wangu akakaa kwenye benchi mlangoni. Aliponipa hedifoni nilizigeuzageuza kwanza, maana siwezi kuvaa hedifoni ya mtu bila kuikosoa, nikamwambia naona kama besi yake ni hafifu.

"Hatupigi besi hapa, baba," alisema. "Ukisikia mlio, hata mdogo, inua mkono."

Mlio mnene ulikuja, nikainua mkono. Ukaja mwingine, mwembamba kidogo, nikainua. Ikawa inapanda hivyo, nami nainua mkono kwa madaha, kama mwanafunzi anayejua majibu. Kisha kukawa kimya. Nikangoja kwa adabu. Kimya kikaendelea mpaka nikamwonea huruma na vifaa vyake vya serikali.

"Dada, mashine yako imezima."

Alinitazama, akatazama mashine, akanitazama tena.

"Haijazima, baba. Inapiga sasa hivi."

Aligeuza kioo cha kompyuta nione. Mstari ulianzia kushoto, kwenye milio minene, umetulia vizuri, ukaenda, kisha kulia, kwenye milio myembamba, ukaporomoka kama barabara ya kwenda Ludewa. Aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi yenye kelele. Nikasema mbao. Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyekwisha kuwaona wengi wetu. Alisema kilichokwenda hakirudi, tutunze kilichobaki.

Mstari ule haukuhitaji kuelezwa na mtu. Mistari ya namna ile naichora kila siku kwa mausi. Wimbo ungeletwa kwangu una mporomoko kama ule, ningeunyanyua upande wa kulia mpaka ulingane, na ndicho hasa nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nazinywesha nyimbo za watu dawa ya sikio langu mwenyewe.

Baada ya kumwona mama mkwe tuliingia mgahawani karibu na stendi kungoja gari la kurudi. Mke wangu aliagiza chai na viazi vya kukaanga. Nililia palepale, mtu mzima, mbele ya mhudumu. Sikulilia sikio. Nililia kazi. Kwenye mbao nilikuwa mmoja wa wengi, akiondoka mmoja anashika mwingine. Kwenye muziki watu walikuwa wananitafuta mimi, na nilikuwa nimekwisha kuzoea kutafutwa. Sasa ningekuwa fundi wa kumalizia asiyesikia mwisho wa kitu anachomalizia.

"Kunywa chai," mke wangu alisema. "Inapoa."

Tuliporudi Makambako nilijaribu kwanza kutumia macho. Programu zina grafu inayoonyesha kila mlio ulipo, hata ule usiousikia. Nikachukua wimbo mzuri wa watu wengine, nikaweka grafu yake kando ya grafu ya wimbo wa yule kijana wa flashi, nikakata huku na kuinua kule mpaka zikafanana. Nilijisifu. Kijana aliusikiliza wote bila kutikisa hata bega.

"Mzee, safari hii haichomi," alisema.

"Eeh."

"Ila imelala."

Hakuna neno baya kuliko hilo kwa wimbo wa kuchezwa. Alipoondoka nilichomoa nyaya za spika, nikazifunika kwa shuka, nikafunga mlango wa kile chumba. Kwa siku kadhaa nilipalilia mahindi ambayo hayakuwa na magugu.

Aliyefungua mlango ni mke wangu. Nilimkuta ameketi kwenye kiti changu, shuka amelikunja vizuri na kuliweka magotini, nyaya zinaning'inia.

"Rudisha hizi nyaya," alisema. "Mimi muziki wenu siujui, lakini kinachouma nakijua."

Utaratibu tulioutumia ni wa kwaya. Mwalimu wao akitaka sauti ipande, kiganja hutazama juu. Akitaka ishuke, kiganja hutazama chini. Akikunja ngumi, kila mtu anakata. Mke wangu ametii mkono huo maisha yake yote, sasa akapata wa kumtii yeye, na sidhani kama hakufurahi. Mimi nilishika sehemu za chini na za kati, ambazo bado nazisikia vizuri kuliko watu wengi. Huko juu nilifuata kiganja.

Siku za mwanzo tuligombana.

"Shusha."

"Nimeshashusha."

"Shusha tena."

"Mama, nikizidi hapa wimbo unakufa."

"Mwenye sikio hapa ni nani?"

Nikashusha. Aliona limeniingia, akanipa pole, pole ya kweli, akanishika bega. Kisha akarudisha kiganja kikitazama chini.

Kijana alipokuja kuchukua wimbo wake nilimwambia yote, kwa sababu sikutaka aje ayasikie sokoni. Nilitegemea atafute fundi mwingine. Aliigeuzageuza flashi mkononi.

"Kwa hiyo huu kamalizia mama?"

"Chini mimi. Juu yeye."

Aliuweka, akasikiliza, na mara hii mabega yakamponyoka. "Mpe shikamoo yangu," alisema. "Na umwambie kwenye kiitikio angeongeza kidogo."

Nilifikisha salamu zote. "Mwambie aje anyooshe kiganja mwenyewe," mke wangu akajibu. Lakini kesho yake aliongeza kidogo.

Juzi, mchana, tulikuwa na amapiano ya taratibu ya mtoto mmoja wa kike anayejirekodi mwenyewe kwa simu. Nilimaliza besi yangu, nikaanza kupandisha milio ya juu polepole, macho kwenye mkono wa mke wangu. Kiganja kilitazama juu. Nikapandisha. Kikatazama juu tena. Nikapandisha kidogo tu, na mkono ukasimama hewani, kisha ukashuka wenyewe mapajani. Nilipomtazama usoni alikuwa amefumba macho.

Mimi nilikuwa nasikia ngoma, besi, na sauti ya yule binti kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga. Juu ya hapo, hakuna kitu. Nilijua kipo kwa sababu upande wa kulia wa grafu ulikuwa unacheza.

"Kukoje huko juu?" nikamuuliza.

"Kuzuri," alisema, bila kufumbua macho.

Kazi ilikuwa imekwisha, nikapeleka mkono nizime. Akaushika.

"Usizime, baba. Ngoja nikusikilizie."

Nikauacha wimbo uende mpaka mwisho, namtazama.