Mtoto Ambaye Mashine Ilimkataa

Mashine yenyewe sikuwahi kuiona. Ilikuwa Nairobi, kwenye chumba chake peke yake, na walioiona walisema chumba hicho kilikuwa na baridi kama cha kuhifadhia nyama, maana mashine ilikuwa haivumilii joto. Sisi wa Kisumu tulivumilia. Tuliazimwa nyumba kuukuu huko Milimani, yenye veranda pana na feni moja iliyozunguka siku ilipojisikia, na humo ndimo tulimofanyia utafiti wetu.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Nilikuwa nimetoka masomoni na cheti cha ustawi wa jamii, pamoja na mdomo ambao mama yangu alisema utanikosesha mume. Utafiti wetu ulikuwa mseto. Mtaalamu wa samaki, mtu mzima aliyesomea Maseno kisha ng'ambo, alitaka kujua ziwa linatoa nini. Mimi nilitaka kujua watoto wa ufukoni wanakula nini. Na kijana wa hesabu aliyekuwa Nairobi alichukua majibu yetu sote, akayageuza kuwa matundu kwenye kadi, akailisha mashine. Swali letu kubwa lilikuwa moja: mbona watoto wanaozaliwa pale pale samaki wanapovuliwa wanavimba miguu kwa kukosa chakula cha kujenga mwili? Juu yetu alikuwepo profesa, ambaye tulimjua zaidi kwa sauti ya simu.

Pamoja na maswali kulikuwa na maziwa ya unga. Waliotoa maziwa hayo waliweka sharti: yaende kwa watoto waliochaguliwa na mashine kwa uzito na umri wao, ili baadaye ijulikane yamewasaidia kiasi gani. Mashine ilichapisha orodha, orodha ikaletwa zahanati, na muuguzi akafungua gunia. Mtoto asiyekuwa kwenye orodha alirudi nyumbani na mama yake, hata awe na hali gani. Nililiona sharti hilo kuwa la kikatili tangu siku ya kwanza, nikasema hivyo, nikajibiwa kwamba sayansi ina taratibu zake.

Mjane ninayemkumbuka aliishi nyuma ya ufuko wa Dunga, kwenye boma la mume wake. Kila asubuhi alinunua samaki aina ya ngege kutoka kwenye mitumbwi, akawabeba kichwani hadi mjini. Wale wanono waliishia kwenye jikoni za Milimani, pengine hata nyumba ya jirani na ofisi yetu. Watoto wake walikula ugali na mboga, na mchuzi wa vichwa vya samaki siku ambazo biashara ilikuwa mbaya. Kitinda mimba wake alikuwa mvulana wa miaka miwili, nywele zimegeuka rangi ya kutu, uso umejaa maji. Ukimbonyeza mguuni, alama ya kidole ilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Hakuwa analia. Watoto wanaolia walinipa matumaini. Huyu alinitia hofu.

Nilikaa na mama yake kwenye kivuli cha nyumba na fomu yangu ya maswali.

"Baba wa boma yuko, mama?"

"Yuko pale," akasema, akaelekeza kidevu kwenye kaburi lililokuwa kando ya nyumba. Alikufa maji ile miaka ziwa lilipofurika, miaka mingi nyuma.

"Na huyu mdogo, baba yake ni nani?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua hutoka mashariki. "Si huyo huyo, nyathina, mwanangu. Baba gani mwingine?"

Nikaandika. Sikusita hata kidogo. Mume: amefariki, mwaka fulani. Mtoto: miaka miwili. Baba wa mtoto: mume. Nilipomaliza nilimshukuru, nikaenda boma linalofuata, na huko nako nikakuta mjane mwingine, nikaandika vivyo hivyo.

Kwetu Wajaluo mjane haachi kuwa mke. Anaitwa chi liel, mke wa kaburi. Ndugu au jamaa wa marehemu humtunza, naye huendelea kuzaa, na watoto anaowazaa ni wa yule aliyelala pale kando ya nyumba. Wanaitwa kwa jina lake, na shamba lake ndilo lao. Mwanamume anayewatunza anajulikana na kila mtu na anasalimiwa kwa heshima, ila baba siye. Nimelielewa hilo tangu nikiwa mdogo, na hakuna aliyewahi kunieleza, kama ambavyo hakuna aliyewahi kunieleza namna ya kumega ugali.

Kijana wa hesabu alikuja Kisumu kuwaona wazazi wake. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa mjini hapa, baba yake akiwa na duka la vitambaa, na Dholuo yake ilikuwa tamu kuliko Kiswahili chake. Alipanda kwenye veranda yetu na bahasha kubwa, akamwaga mezani rundo la kadi zilizotiwa alama nyekundu.

"Dada, mashine imekataa hizi zote," akasema. "Ebu tuangalie pamoja. Huyu mzee alikufa lini?"

"Si imeandikwa?"

"Imeandikwa. Na mtoto ana miaka ngapi?"

"Miwili."

"Na baba yake ni nani?"

"Bwana, kwani hujui kusoma? Ni huyo huyo!"

Mtaalamu wa samaki aliyekuwa akichungulia chupa zake za formalini, dawa ya kuhifadhia samaki, aliweka chupa chini, akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilizitazama zile kadi, kisha nikamtazama kijana, na naapa ilinichukua muda kuona kasoro iko wapi. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na cheti, nilijua vizuri watoto wanavyopatikana. Lakini ile hesabu rahisi haikuwahi kunipita akilini.

Zilizokataliwa zilikuwa za wajane, karibu wote. Profesa alipoambiwa kwa simu hakuona shida. Nirudi kwa hao akina mama, niulize baba halisi ni nani, nirekebishe. Bila hivyo kadi zitawekwa kando na orodha ya maziwa itachapishwa bila watoto hao. "Halisi," alisema, mara mbili.

Nilirudi Dunga. Mjane alikuwa anaparua samaki, magamba yamemganda mikononi. Nilizunguka sana kabla ya kufika kwenye swali, nikauliza habari za soko, habari za mvua, mpaka mwenyewe akaniambia niseme kilichonileta. Nikasema. Nikamweleza kwamba nikiandika kwamba baba ni yule anayemtunza, mtoto atapata maziwa.

Aliacha kuparua.

"Wewe ni mtoto ya nani?" akaniuliza. Nikamwambia. "Ni Mjaluo, na unaniuliza hivyo?"

"Si mimi, mama. Ni mashine."

"Hiyo mashine imezaliwa wapi?"

Akafuta kisu kwenye nyasi, akashusha sauti kwa sababu shemeji yake alikuwa ng'ambo ya ua. "Sikia, nyathina. Watu ya kupima shamba wako njiani, wanakuja na minyororo yao. Hii boma itaandikwa. Kama karatasi yako inasema huyu kijana ni ya mtu mwingine, wale watasema aende kwa huyo mtu mwingine. Atakuwa mgeni hapa, kwa baba yake. Maziwa itaisha. Shamba haiishi."

Nikamwambia karatasi zetu hazina majina, ni nambari tu, na hazifiki kwa watu wa shamba. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameona karatasi nyingi zikifika zisikotarajiwa, na sikuweza kumwapia.

"Mtoto anaumwa, mama," nikasema.

"Mimi ndiyo nalala na yeye," akajibu. "Unadhani sijui?"

Nikaondoka. Njia ya kutoka Dunga kurudi mjini ni ndefu kwa mguu, na nilikuwa na hasira iliyonifanya nitembee kama ninayefukuzwa. Mwanzoni nilimkasirikia mjane kwa ukaidi wake. Nilipofika kwenye lami nilikuwa nimemkasirikia profesa. Kisha, sijui ni nini kilichonishtua, nikasimama kando ya barabara na fomu zangu kifuani.

Baba yangu alikufa kabla sijazaliwa. Si miezi, ni miaka. Nilikua nikifagia kaburi lake kila Jumamosi, nikipalilia maua ya mama pembeni mwake, nikimweleza kwa sauti ya chini matokeo ya mtihani. Jina lake liko kwenye vyeti vyangu vyote. Yule mzee aliyetutunza nilimwita ami, nilimpenda, naye alipofika nyumbani alipita kwanza kando ya lile kaburi kabla ya kuingia. Nilikuwa na umri wa kufanya kazi na kulipwa mshahara, na ndiyo kwanza nagundua kwamba kwa hesabu za Nairobi mimi ni kosa.

Niliona uchungu. Naweza kusema pia niliona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonikera zaidi, kwa sababu haikuwa yangu, nilikuwa nimepachikwa.

Nilimkuta kijana wa hesabu bado yupo kwenye veranda, anajiandaa kupanda treni ya jioni. Nilichukua fomu mpya, nikajaza mbele yake. Mama: mjane. Mume: amefariki. Nikaandika mwaka. Mtoto: mimi. Nikaandika mwaka wangu. Baba: mume. Nikamsukumia.

"Hii nayo mashine itaikubali?"

Akaisoma. Aliisoma tena. Masikio yake yakawa mekundu.

"Itaikataa," akasema.

"Na niko hapa, nakula mshahara wenu."

"Dada, mashine haina ubaya. Inafuata ilichoambiwa."

"Iliambiwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi iambie tena!"

Alianza kunieleza ugumu wake. Zamu za kutumia mashine ni za kugombaniwa, kadi itabidi zitobolewe upya, profesa hatapenda. Mtaalamu wa samaki, ambaye tulidhani hasikilizi, akasema kutoka kwenye chupa zake: "Ngege jike anabeba watoto mdomoni, anazunguka na wao ziwa nzima. Mimi nimepima hao samaki miaka yote, na hakuna hata mmoja nimemuuliza baba ya hawa ni nani. Na kazi yangu mnasema ni sayansi."

Tulicheka, hata mimi safari hii. Lakini kijana hakucheka sana. Alikuwa anaitazama fomu yangu. "Duka letu," akasema polepole, "lina jina la babu yangu. Alikufa kabla sijazaliwa. Mpaka leo wateja wakiingia wanamwita baba yangu kwa jina lake, na baba anaitika." Akaikunja ile fomu, akaitia mfukoni mwa shati. Hakuniahidi kitu, akaenda kwenye treni yake.

Siku zilizofuata nilikuwa na roho juu. Nilipita Dunga kwa kisingizio hiki na kile, nikapeleka mayai, nikapeleka maharagwe, mjane akayapokea bila kuniuliza ni ya ofisi au ni yangu. Hatukutaja lile swali. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, nzi wakimtua usoni, na hakuwa tena na nguvu za kuwafukuza. Nilimchukia profesa kwa moyo wote, na kumbe alikuwa mtu mwema tu aliyekuwa mbali.

Orodha ilipofika, niliifungulia pale pale posta, nimesimama mlangoni watu wakinipiga kumbo. Nambari ya mtoto ilikuwepo. Na za wenzake pia. Kijana wa hesabu alikuwa ameandika barua fupi: ameiambia mashine isiulize baba alikufa lini, iulize tu mtoto ni wa boma la nani. Profesa alibishana naye kisha akachoka. Ndani ya bahasha kulikuwa na kadi moja, ya yule mtoto, nakala ya ziada ya ile mpya. "Mpe mama yake akitaka," aliandika.

Mtoto alikunywa maziwa. Uvimbe ulishuka kwanza, akawa mwembamba kiasi cha kutisha, kisha siku moja nikafika nikamsikia analia kwa hasira kwa sababu amenyang'anywa kijiko. Sijasikia wimbo uliokuwa mzuri kama kile kilio.

Siku hiyo ndipo nilipompa mjane ile kadi. Aliigeuza huku na huku, karatasi ngumu yenye vitundu vyembamba, kisha akaiinua kwenye mwanga.

"Hii ndiyo ilikataa?"

"Mashine ndiyo ilikataa, mama. Hii kadi mpya imeikubali."

"Na baba yake ako wapi hapa?"

Nikamwonyesha tundu la mwenye boma. Lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama, katikati ya mengine. Akalitazama sana. Kisha akamwita mwanawe, ambaye alikuja akiyumba kwa miguu yake miwili, akamkalisha mapajani na kumwekea kadi mbele ya jicho, akaielekeza upande wa kaburi.

"Angalia baba yako," akamwambia.

Mtoto akaangalia, akatulia. Nikasubiri achoke. Alipoachia kadi nikaiokota chini, nikamwomba mama yake ruhusa, nikaangalia na mimi.