Theluji ya Kwenye Chupa ya Chai

Wiki iliyopita tulikuwa tunafungasha vitu kuhama Turffontein, mtaa wetu hapa Joburg, mama akanipa chupa ya chai ya marehemu bibi niitupe. Maua yake mekundu yamechubuka, kifuniko kimelegea, haitunzi tena joto. Sikuitupa. Nimeketi nayo jikoni, rafiki yangu, na ile shuku yangu ya utotoni imerudi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilishuku kila mtu. Baba, mlinzi wa usiku, alikuwa amelazwa hospitalini kwa miezi, na waumini wa kanisa letu la Wakongo wakaamua kupanda milima ya Drakensberg kumwombea. Kwetu jambo kubwa haliombewi bondeni. Tena unapanda umefunga mfungo mkavu: hakuna mkate, hakuna maji, mpaka ushuke. Jana yake tulikula fufu na sombe, mboga ya majani ya muhogo, mpaka matumbo yakauma. Asubuhi mama alibaki kando ya kitanda cha baba, sisi tukapanda teksi, yale mabasi madogo ya huku, na mama shemasi akatuonya: "Mutu akikunywa hata tone moya, maombi ya wote inaanguka."

Unaelewa basi kwa nini niligeuka askari. Uhai wa baba yangu ulikuwa midomoni mwa watu wale. Kaka mmoja wa kwaya midomo yake haikutulia njia nzima. Anaomba, au anamung'unya peremende? Nilimsogelea kunusa pumzi yake. Ilinuka njaa tu.

Joburg tuliacha mijakaranda imechanua na watu wamevaa kandambili. Huko juu, kwenye vivuli vya miamba, kulikuwa na theluji iliyochelewa kuyeyuka, imelala kando ya njia kama barafu iliyokwanguliwa kwenye friji. Ukiikanyaga inalia kavu. Kina mama waliimba huku meno yakigongana, vitenge vimefungwa juu ya majaketi.

Bibi, mama yake baba, alikuwa nyuma ya wote. Ndani ya kitenge chake niliona kitu kimetuna. Chupa ya chai! Siku ya mfungo mkavu! Bibi yangu mwenyewe, kwa sababu ya uji wa tangawizi, anataka kumwangamiza mwanawe. Nikajifanya nafunga kamba za viatu ili anipite. Naye akasimama, akaniambia nitangulie. Hapo sikuwa na shaka tena.

Nilijificha, nikamwona amepiga magoti nyuma ya mwamba, anachota theluji kwa viganja na kuishindilia ndani ya chupa. Ikiyeyuka atainywa, nikawaza. Nikakimbia kumwita mama shemasi.

"Mama, mu hiyo termosi muko nini?"

"Muko tu baridi, mwanangu."

Shemasi akafungua, akachungulia, akawaita wengine waone. Ukazuka ubishi ambao sijausikia tena popote: theluji ni maji, au bado? Mchungaji alisema si maji mpaka iyeyuke. Shemasi alitaka imwagwe. Bibi aliirudisha chupa kwapani akaanza kushuka, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Nilimtazama midomo mpaka teksini. Hakuonja.

Jioni, hospitalini, ndipo akaifungua. Baba alikulia chini ya mlima Ruwenzori; asubuhi anga likiwa safi aliuona weupe wa kilele toka uani kwao, na hakuna mtu wa nyumba yao aliyewahi kuufikia. Alinisimulia mara nyingi, nami nilishuku ananidanganya. Bibi akamimina ile theluji kiganjani mwa baba. Nyingi ilikuwa imeshakuwa maji, limebaki bonge dogo. Baba akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu alazwe.

"Kumbe inachoma!"

Baba hakufika Krismasi. Kwa miaka nilijiuliza nani alikunywa siku ile. Nilishuku kwaya, nilishuku mchungaji, mara nyingine nilimshuku bibi. Leo bibi hayupo, shemasi yuko ng'ambo, kanisa letu limekuwa gereji, na nyimbo zile za kupandia mlima nimebaki nazo nusunusu.

Ila sasa, chupa ikiwa mapajani, nashuku jambo jipya, nalo linaniuma kuliko yote. Sisi wote tulipanda kuomba apone. Bibi alipanda na chupa tupu. Mtu anayeamini mwanawe atapona hamchukulii theluji. Humwambia, ngoja upate nguvu, tutaenda wote.