Dawa Isiyouma

Juzi, kwa kinyozi mmoja wa Ndia Kuu, karani wa bandarini Kilindini alikuwa akinyolewa ndevu kabla yangu. Alishamwambia kila aliyeingia kwamba alasiri anaenda Tudor kujitambulisha kwa wakwe, na hataki kufika na vipele shingoni.

Wembe ulipowekwa chini, kinyozi akachukua pamba. Karani akafumba macho, akashika kiti kwa mikono miwili, hata miguu ikainuka. Pamba ikapita shingo nzima. Akafungua jicho moja.

"Mbona haiumi?"

"Hii si spiriti. Ni wichi hezeli, maji ya mmea wa ng'ambo. Yapoza ngozi."

"Basi nitie na spiriti kidogo, nijue nimenyolewa."

"Bwana, waenda ukweni, huendi vitani."

Tukacheka sote. Karani akajipapasa mashavu mbele ya kioo, akatoka akitabasamu peke yake.

Nami nikakaa, nikimsikitikia. Mtu mzima, msomi, bado anaamini dawa ni ile inayochoma. Kinyozi akaninyoa, akachovya pamba, kisha akasita.

"Bwana," akasema kwa upole, "legeza mikono, utanivunjia kiti changu."