Sikio la Mdogo Wangu

Mdogo wangu hasikii kwa sikio la kushoto tangu akiwa na miaka kumi na minne. Ukitembea naye lazima ushike upande wa kulia. Ukishika wa kushoto utaongea peke yako kama mhubiri wa stendi. Mambo mengine yote yako sawa: anachomelea vyuma Kajiado mjini, ana mke, ana watoto watatu, na ana hasira. Hasira nimeihesabu pamoja na mali kwa sababu hakuna kitu alichokitunza vizuri kama hicho.

Yeye ndiye aliyetaka twende sinema. Aliona tangazo kwenye simu, filamu ya watu wazima wanaokumbuka gemu walizocheza wakiwa vijana, akanipigia nikiwa sokoni. Wakati huo nilikuwa nimemshika beberu mguu wa nyuma, mnunuzi kutoka Nairobi amemshika wa mbele, na kila mmoja anavuta upande wa bei yake. Mdogo wangu akasema ni kama mtu alikuja akapiga picha kibanda chetu cha gemu pale Noonkopir. Nikamwambia kibanda ni mabati tu, yote yanafanana. Akasema Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Kitengela, na tiketi ni juu yake. Mimi kitu cha bure sikikatai. Hicho heri ningekikataa.

Kile kibanda kilikuwa na runinga nne na madawati manne, na mwenye gemu alikaa mlangoni na kipande cha waya wa stima. Ukidondosha padi, kile kidude cha vitufe unachoshika mkononi, alikuchapa mgongoni mara moja, halafu unaendelea kucheza. Hakuna aliyelalamika. Vijana wa Kimaasai wakati ule hatukuacha marungu nyumbani hata tukitumwa chumvi, kwa hivyo aliweka pipa kando ya benchi lake, ndani tu ya mlango. Unatumbukiza rungu lako, unaenda kucheza mikono mitupu.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya stima. Stima ikipotea, na Noonkopir ilikuwa inapotea kila mara, anafunga mlango kwanza, kila mtu anaweka padi chini, na yeye anazihesabu kwa kupapasa kabla hajamwachilia mtu. Aliogopa kuibiwa. Kile ambacho hakukifikiria ni kwamba alikuwa anatufungia gizani, vijana kumi na tano, kila mmoja na kisa chake. Hizo dakika mbili ndizo zilikuwa mahakama yetu. Stima ikirudi unakuta mmoja ana pua ya damu na mwenzake anaangalia dari.

Jioni moja nilichapwa gemu mara saba mfululizo na jirani yetu, kijana wa rika langu. Gemu ilikuwa ya ngumi, na mtu wangu pale kwenye skrini alianguka kila mara kwa namna ileile, amepanua miguu. Kushindwa ningevumilia. Jirani alikuwa anacheka. Kicheko chake kilianza chini kama kiti kinachokokotwa kwenye saruji, kikapanda, kikakatika ghafla. Mara ya saba kikiwa bado kinapanda, stima ikapotea.

Nilikuwa karibu na pipa. Nikaingiza mkono, nikachukua rungu la kwanza lililokutana na vidole vyangu, nikalizungusha kuelekea kile kicheko kwa nguvu zangu zote. Likapata kichwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya kibuyu kikidondoka kwenye udongo. Nikafurahi. Nasema ukweli, kwa muda wa pumzi moja nilifurahi. Halafu nikasikia jirani yangu, upande mwingine kabisa, akiuliza ni nani ameanguka.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kuja kututenganisha.

Mwenye gemu alipowasha tochi, damu ilikuwa inatoka sikioni na kuingia kwenye kola ya sare ya shule. Kando yake kulikuwa na rungu la nati, mpini ulioingizwa kwenye nati kubwa ya trekta. Noonkopir nzima ilikuwa na rungu moja tu la namna hiyo, na lilikuwa la jirani. Hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani. Kwetu rungu ni kama uso. Likikutwa kwenye damu, mwenyewe ndiye amepiga, maana mwanamume gani anaacha rungu lake lishikwe na mtu mwingine? Pipa wote waliliona. Hakuna aliyelikumbuka.

Kesho yake baba ya jirani alimleta kwetu, akamvua shati mbele ya baba yangu na wazee watatu, akamchapa kwa kiboko cha ngozi ya ng'ombe. Kila kiboko kijana alisema si mimi. Alikuwa anasema akinitazama, kwa sababu alijua ni nani alikuwa anaelekea kwake lile giza lilipoingia. Vilikuwa viboko thelathini na moja. Baadaye nimevihesabu tena mara nyingi na havijapungua. Vilipofika ishirini hivi mgongo ulipasuka na sauti ikabadilika, lakini maneno yalikuwa yaleyale. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya maji ya mgonjwa. Nikaingia nayo ndani.

Ile familia ilihamia Tuala mwaka huohuo. Mdogo wangu alipona, ila sikio likafa. Alipofika umri wa kuandikishwa jeshi alikimbia mbio zote pale uwanjani Kajiado, akamaliza wa pili, halafu daktari akamnong'onezea upande wa kushoto na yeye akabaki amesimama tu, akingoja aulizwe. Walimtoa kwenye foleni kwa kumsukuma bega. Siku hiyo ndiyo alisema akikutana na mwenye rungu atamtoa sikio moja, wabaki sawa. Alisema taratibu, akiwa anakula. Nilimwongezea mboga.

Sasa, Jumamosi ile. Mlangoni mwa jengo kulikuwa na askari na sanduku la mbao, unaacha rungu, unapewa kibati chenye namba. Mdogo wangu hatembei bila rungu, na lake amelichomelea kichwa cha chuma mwenyewe. Ndani ya sanduku kulikuwa na matano. Nikahesabu tena, matano. Tukapanda juu, tukakaa safu ya nane, mimi kulia kwake.

Filamu yenyewe ilikuwa nzuri, lazima niseme. Marafiki wanne wamezeeka, ukumbi wa gemu waliokulia unabomolewa, wanarudi kucheza mechi ya mwisho. Ukumbi wetu ulikuwa umejaa wanaume wenye vitambi na bisi mapajani, na kila gemu ya zamani ikitokea wanaelekeza skrini kwa mdomo: ruka, rudi nyuma, mpige chini. Mmoja alikuwa amekunja vidole gumba viwili na anabonyeza hewa. Mdogo wangu alikuwa anatabasamu. Ilikuwa muda mrefu sijaona meno yake.

Halafu mtu kwenye skrini akaanguka amepanua miguu, na kiti kikakokotwa kwenye saruji.

Tabasamu likaondoka. Mtu mwenye sikio moja anasikia vizuri tu, ila hawezi kujua sauti imetoka wapi, kwake kila kitu kinatoka kulia. Akaniinamia akaniuliza huyo anayecheka yuko wapi. Nikamwambia ni kwenye filamu. Akaangalia skrini. Kwenye filamu walikuwa wanalia.

Mimi nilikuwa nimeshampata. Safu ya nne, kiti cha tatu kutoka njiani, kisogo kipana, koti la kahawia. Nikahesabu tena, labda nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nikaanza kumbembeleza mdogo wangu tutoke, nikasema kuna nyama inachomwa hapo nje, mbavu, mimi ndiye nitalipa. Akanitazama. Katika maisha yetu yote sijawahi kusema hivyo, na nadhani hapo ndipo alipokuwa na hakika.

Taa zilipowaka, mtu wa safu ya nne akasimama, akageuka. Mdogo wangu akainuka. Akashuka ngazi mbilimbili, akatupita wote, na kwa sekunde chache nikafikiri anakimbia yasimkute. Nikakumbuka sanduku la askari.

Nilimkuta kwenye maegesho ya magari, jua likiwa ndio limezama. Alikuwa amesimama na rungu chini ya koti, yule jirani wa zamani anakuja akitafuta funguo mfukoni.

"Unanikumbuka?" mdogo wangu akamuuliza.

Jirani akaangalia uso, halafu sikio. "Nakukumbuka. Pole, ndugu."

Hiyo pole ndiyo iliyovuta rungu. Jirani akainua mkono wa kulia kukinga kichwa, na chuma kikaupata chini ya kiwiko. Mfupa ulivunjika kwa sauti iliyowafanya watu watatu waliokuwa wanafungua magari wageuke. Akaanguka kati ya gari mbili. Mdogo wangu akamkanyaga kifua, akashika sikio la kushoto, akalivuta kama unavyovuta la mbuzi umtie alama, akainua rungu tena. Askari alikuwa amesimama kando, ameshika kile kibati chenye namba, kama kwamba bado anataka kukirudisha.

"Mwache," nikasema. "Kulikuwa na giza."

"Najua kulikuwa na giza."

"Rungu ilikuwa kwa pipa. Mtu yeyote angeichukua."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

Alinisikia. Akageuza kichwa kidogo, akaniletea sikio zima. "Brathe. Mtu gani?"

Miaka yangu yote sokoni nimeanza chini na kupanda polepole, nikiangalia uso wa mwenzangu nijue nisimame wapi. Niliangalia uso huo. Hakukuwa na pa kusimama. Jirani alikuwa chini, mate na damu mdomoni kwa kuuma ulimi, na alikuwa ananitazama vilevile alivyonitazama mbele ya nyumba yetu. Mdogo wangu akaona sijibu, akakaza mkono uliokuwa juu.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi nilikupiga. Nilikuwa nataka kumpiga yeye."

Aliachilia sikio. Akaja kwangu akitembea kawaida, na pigo la kwanza likaingia mbavuni. Daktari alisema mbavu mbili, mimi naamini ni tatu. Nilipoinama akatupa rungu, akanipiga ngumi ya mdomo, nikakaa chini, akanifuata na mateke, ya tumbo, ya paja, moja la bega, kwa mpango, kama mtu anayetafuta mahali chuma kimelegea. Hakuwa anatukana. Watu walikuwa wametoa simu. Mimi sikukinga. Si ushujaa, mikono ilikataa tu.

Aliyemsimamisha ni jirani. Alikuwa ameketi ameegemea tairi, mkono uliovunjika ameulaza mapajani.

"Wacha mdomo," akamwambia mdogo wangu. "Huo mdomo nauhitaji."

Mdogo wangu akasimama, akihema.

"Baba yangu bado yuko hai," jirani akasema, na sasa alikuwa anaongea na mimi. "Amezeeka, lakini yuko. Mpaka leo nikimwambia kitu, hata kwamba mvua imenyesha, anaangalia kwa dirisha kwanza. Utaenda umwambie. Wewe, si mimi."

Mdogo wangu ndiye aliyetupeleka hospitali kwa gari la jirani, sisi wawili nyuma, kila mmoja akishika kilichovunjika kwake. Jirani hakutaka polisi, alisema polisi wataandika kitu kingine, na yeye anataka hiki. Kwa mdogo wangu hakusema amemsamehe wala hajamsamehe. Alimwomba tu aendeshe polepole kwenye matuta.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, tulikuwa Tuala. Yule mzee alikuwa amekaa nje ya mlango amefunikwa shuka, miguu myembamba, macho yana ukungu. Nikainamisha kichwa anibariki kama desturi. Akaweka kiganja juu yake kabla hajajua mimi ni nani, na nilipomwambia akakitoa.

Nikaeleza. Mdomo ulikuwa umevimba, maneno mengine yalitoka na mate, lakini nilieleza yote, pipa, mkono wangu, kicheko, mpaka sufuria niliyoingia nayo ndani. Mzee alisikiliza akiangalia plasta nyeupe kwenye mkono wa mwanawe. Nilipomaliza nilingoja fimbo. Ilikuwa pale kando yake, na nilikuwa nimekaa mahali ingenifikia. Nilikuwa nimechagua hapo makusudi.

Hakuishika. Akamwita mkewe kutoka jikoni, akamkalisha, akaniambia niseme tena. Nikasema tena. Mama akafunika uso kwa kanga. Mzee akatuma aitwe shemeji yake, nikasema tena. Mbavu zilikuwa zinanikata kila nikivuta pumzi, na nikijaribu kufupisha mzee alinirudisha nyuma: si hapo, umeruka. Ya nne ilikuwa kwa mzee wa kanisa aliyekuwa anapita zake. Kwenye hiyo mdogo wangu aliinuka, akaenda kusimama kwenye ua wa miiba, akitugeuzia mgongo.

Jirani hakuinuka. Alikuwa amekaa karibu na baba yake, goti kwa goti, na kila nilipofika kwenye viboko mzee alikuwa ananyoosha mkono na kugusa mgongo wa mwanawe juu ya shati, polepole, mahali pamoja, kisha pengine.

Njiani kukatokea wazee wengine wawili wakitoka kunywesha ng'ombe. Mzee akawapungia waje. Wakasalimu, wakaegemeza fimbo ukutani, wakauliza kuna habari gani. Mzee akawaonyesha viti, akaniambia nianze.