Sufuria za Mama

Nikimpigia mjukuu wangu pasi shati la shule hapa London, harufu ya pamba yenye unyevu hunirudisha kwa memsabu aliyemwajiri mama yangu. Mama alikuwa akipuliza makaa ya pasi, memsabu akamwambia, "Nikirudi London nitakwenda nawe, na binti yako." Mama akaamini. Akawagawia majirani sufuria zake zote.

Siku ya safari tulisimama getini na mzigo wetu. Mbwa wa memsabu akapandishwa garini, mlango ukafungwa, wakaenda.

Jioni mama alimwendea jirani kuomba sufuria moja tu, tupike ugali.

"Karibu, mama London!" jirani akamcheka. "Umerudi lini?"

Mama aliichukua sufuria, akaenda kuwasha moto.

Mimi nilipokuja huku, sufuria zangu nilizifungia ndani kule nyumbani. Mpaka leo zinaningoja.